Ufadhili wa masomo ya juu ya saikolojia nchini Marekani

Ufadhili wa masomo ya juu ya saikolojia nchini Marekani ni jumla ya njia ambazo wanafunzi wa shahada ya uzamili na ya uzamivu katika fani ya saikolojia hutumia ili kulipia ada, utafiti na maisha yao ya kila siku wakiwa masomoni. Njia kuu ni kazi za usaidizi chuoni, ruzuku za serikali na za mashirika, misaada ya vyama vya kitaaluma, mikopo ya wanafunzi, na mipango ya kulipiwa deni baada ya kuhitimu.

Masomo haya ni marefu. Shahada ya uzamivu huchukua kwa kawaida miaka mitano hadi saba, na kwa wanaosomea kutibu wagonjwa ndani yake umo mwaka mzima wa tarajali. Kwa sababu hiyo suala la fedha huamua nani anaweza kuwa mwanasaikolojia na nani hawezi. Wanafunzi wawili wanaoanza mwaka mmoja katika fani ileile wanaweza kumaliza katika hali tofauti kabisa: mmoja bila deni lolote, mwingine akiwa na deni la zaidi ya dola laki moja. Mara nyingi tofauti hiyo hutokana na aina ya shahada waliyoichagua na masharti waliyoyakubali kabla ya kuanza.

## Historia

Desturi ya vyuo vikuu vya Marekani kuwalipa wanafunzi wa juu ilipata nguvu mwaka 1876, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilipofunguliwa mjini Baltimore. Chuo hicho kilitenga nafasi 20 za ufadhili, kila moja ikiwa na dola 500 kwa mwaka, ili kuwavuta wanafunzi bora waliozoea kwenda Ujerumani. Mwanasaikolojia James McKeen Cattell alipata nafasi hiyo kwa mwaka wa masomo 1882–1883, lakini haikuongezwa. Mwaka uliofuata ilipewa John Dewey. Cattell aliondoka akaenda Leipzig, alikopata uzamivu wake chini ya Wilhelm Wundt.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mifuko ya matajiri ilichangia sehemu kubwa. Mfuko wa Julius Rosenwald uliwasaidia Wamarekani Weusi wengi waliofungiwa milango mingine. Miongoni mwao walikuwa Mamie Phipps Clark na mumewe Kenneth Clark, ambao kwa msaada huo waliendeleza utafiti wao wa kuwaonyesha watoto wanasesere weusi na weupe. Utafiti huo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyokataza ubaguzi wa rangi katika shule za umma.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilibadili mambo. Askari wengi walirudi wakiwa na majeraha ya nafsi, na wataalamu wa kuwahudumia hawakutosha. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi vitani iliwalipia mamilioni ya watu masomo yao. Mwaka 1946 idara ya serikali inayohudumia askari wastaafu ilianza kuwafadhili wanafunzi wa saikolojia ya kliniki, na mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Taifa ya Afya ya Akili. Sheria hiyo ndiyo iliyozaa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili, iliyoanza rasmi mwaka 1949. Mfuko wa Taifa wa Sayansi, unaojulikana kwa kifupi NSF, ulianzishwa mwaka 1950 na kuanza kufadhili wanafunzi wa uzamili na uzamivu mwaka 1952.

## Aina za shahada na athari zake kwa ufadhili

Mwaka 1949 wanasaikolojia walikutana mjini Boulder, Colorado, wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia wa kliniki afundishwe utafiti na tiba kwa pamoja. Huu ndio msingi wa shahada ya PhD katika saikolojia ya kliniki. Mwaka 1973 mkutano mwingine mjini Vail, katika jimbo hilohilo, ulitambua njia ya pili inayotilia mkazo utoaji wa huduma kuliko utafiti. Njia hiyo huishia katika shahada ya PsyD, ambayo Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa kimeianza mwaka 1968.

Tofauti hiyo ya kitaaluma imekuwa pia tofauti ya kifedha. Mwanafunzi wa PhD hufanya kazi katika maabara ya profesa na kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kazi hizo zina manufaa kwa chuo, na chuo huzilipia kwa kumsamehe ada na kumpa posho. Mwanafunzi wa PsyD hutumia muda mwingi zaidi kwenye masomo ya darasani na kwenye kliniki, na madarasa yake mara nyingi ni makubwa. Kwa hiyo programu nyingi za PsyD huendeshwa kwa ada za wanafunzi wenyewe, ingawa zipo chache, hasa zilizo ndani ya vyuo vikuu vya umma, zinazotoa msaada wa maana.

Shahada ya uzamili ina hali yake. Katika idara nyingi zenye uzamivu, fedha hutengwa kwanza kwa wanafunzi wa uzamivu, na wa uzamili hujilipia. Hata hivyo, baadhi ya vyuo visivyo na uzamivu wa saikolojia hutoa kazi za usaidizi kwa wanafunzi wa uzamili, kwa kuwa huko wao ndio wasaidizi pekee waliopo. Wengine hupita njia hiyo ili kuongeza uzoefu wa utafiti kabla ya kuomba uzamivu. Si lazima lakini: Marekani programu nyingi za PhD hupokea wanafunzi wenye shahada ya kwanza tu, na uzamili hupatikana njiani. Anayelipia uzamili kwanza kwa kudhani ni sharti anaweza kuingia gharama isiyo ya lazima.

Tawi la saikolojia nalo lina uzito. Programu za saikolojia ya kliniki hupokea waombaji wengi mno kuliko nafasi. Saikolojia ya utambuzi, ya jamii na ya ukuaji wa mtoto zina waombaji wachache zaidi, na ufadhili wake hutegemea zaidi kazi za chuoni na ruzuku za maprofesa. Wanaosomea saikolojia ya viwanda na asasi huweza kupata kazi za muda zenye malipo katika makampuni na ofisi za serikali.

## Kazi za usaidizi chuoni

Njia iliyoenea zaidi ni kazi ya usaidizi. Ziko aina mbili kuu. Msaidizi wa kufundisha husahihisha mitihani, huongoza vikundi vya majadiliano au hufundisha somo zima. Msaidizi wa utafiti hufanya kazi katika maabara ya profesa na kulipwa kutoka katika ruzuku aliyoipata profesa huyo. Kazi kamili ya aina hii huhesabiwa kwa kawaida kuwa saa 20 kwa juma. Malipo yake huwa na sehemu tatu: msamaha wa ada, posho ya kila mwezi, na mara nyingi mchango wa bima ya afya.

Msaidizi wa utafiti ana faida ya kulipwa kwa kazi inayoweza kuingia katika tasnifu yake. Hatari yake ni kwamba fedha hizo zina mwisho: ruzuku ya profesa ikiisha au ikikatwa, nafasi nayo huyumba. Msaidizi wa kufundisha hulipwa na idara, jambo lenye uthabiti zaidi, lakini kazi hiyo hula muda wa utafiti.

Posho hutofautiana sana baina ya vyuo, na kiasi kile kile hakina thamani moja kila mahali. Posho inayotosha katika mji mdogo wa Iowa au Kansas inaweza isitoshe kodi ya chumba mjini San Francisco au New York. Suala hili limesababisha migogoro. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison chama cha wasaidizi wa kufundisha kilianza miaka ya 1960. Mwaka 2016 bodi ya serikali ya mahusiano ya kazi iliamua, katika shauri la Chuo Kikuu cha Columbia, kwamba wasaidizi katika vyuo binafsi ni wafanyakazi wenye haki ya kuunda chama. Novemba 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wengi wao wakiwa wanafunzi wa uzamivu, waligoma kwa wiki kadhaa na kupata nyongeza ya malipo.

## Ruzuku za serikali

Ruzuku ya NSF kwa wanafunzi hulipa kwa miaka mitatu, ambayo mwanafunzi anaweza kuitumia ndani ya kipindi cha miaka mitano. Katika miaka ya hivi karibuni posho yake imekuwa dola 37,000 kwa mwaka, pamoja na dola 16,000 zinazolipwa kwa chuo. Saikolojia ni miongoni mwa fani zinazokubaliwa, lakini si kila mada. Shahada zinazolenga utoaji wa huduma hazifadhiliwi, na utafiti unaolenga kutibu ugonjwa fulani hukataliwa, kwa kuwa hilo ni jukumu la Taasisi za Kitaifa za Afya, kwa kifupi NIH. Mwombaji anayechunguza jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi yumo ndani ya masharti. Anayejaribu dawa ya kupoteza kumbukumbu yumo nje.

NIH hufadhili kwa utaratibu uliotokana na sheria ya mwaka 1974. Ruzuku iitwayo F31 hupewa mwanafunzi mmoja mmoja anayeandika tasnifu. Ruzuku iitwayo T32 hupewa chuo, nacho huwachagua wanafunzi wa kunufaika. Posho ya mwanafunzi wa uzamivu katika utaratibu huu ilikuwa dola 28,224 kwa mwaka wa fedha 2024, na vyuo vingi huiongezea. Maombi ya F31 hupokelewa mara tatu kwa mwaka, mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba. Anayekataliwa anaweza kurekebisha andiko lake na kulituma tena, na wengi hufanikiwa kwa njia hiyo.

Majeshi ya Marekani huwalipia ada na posho baadhi ya wanafunzi wa saikolojia ya kliniki, na wao hulipa kwa kutumikia jeshi kwa miaka kadhaa kama maofisa. Tangu mwaka 2002 Wizara ya Afya pia imekuwa na mpango wa kuzipa fedha programu zinazoandaa wanasaikolojia wa kuhudumia maeneo yenye uhaba.

Fedha hizi zote hutegemea bajeti na siasa. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisitisha ruzuku nyingi za utafiti, na baadhi ya vyuo vilipunguza idadi ya wanafunzi wapya wa uzamivu kwa kuhofia kukosa fedha za kuwalipa.

## Vyama vya kitaaluma na mifuko

Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilichoanzishwa mwaka 1892, hutoa misaada midogo kwa ajili ya tasnifu na safari za mikutano. Mwaka 1974 kilianzisha mpango wa kuwafadhili wanafunzi kutoka jamii zenye wanasaikolojia wachache, kwa fedha za serikali kuu. Mfuko wa Saikolojia wa Marekani, ulioanzishwa mwaka 1953, hutoa ruzuku kadhaa, mojawapo ikiwa ile yenye jina la Elizabeth Munsterberg Koppitz kwa watafiti wa saikolojia ya watoto. Psi Chi, jumuiya ya heshima ya wanafunzi wa saikolojia iliyoanzishwa mwaka 1929, huwapa wanachama wake misaada ya utafiti.

Misaada hii kwa kawaida haitoshi kulipia mwaka wa masomo. Kazi yake ni kujaza pengo: kuwalipa washiriki wa utafiti, kununua vipimo vya kisaikolojia au kugharamia safari. Faida nyingine ni kwamba aliyepata ruzuku ndogo huonekana na kamati za ruzuku kubwa kuwa mtu aliyekwisha kuaminiwa.

## Mikopo na ulipaji wake

Pale ambapo ufadhili haupo au hautoshi, mwanafunzi raia wa Marekani hukopa kwa serikali kuu. Tangu Julai 2012 mikopo ambayo serikali huilipia riba wakati wa masomo haipo tena kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Hivyo riba huanza kuhesabiwa siku mkopo unapotolewa, hata kama malipo hayajaanza. Mtu anayesoma miaka sita huhitimu akidaiwa zaidi ya alichopokea mkononi.

Kuanzia mwaka 2006 palikuwa na mkopo uitwao Grad PLUS, ulioruhusu kukopa hadi gharama yote ya masomo, na programu nyingi za PsyD ziliutegemea. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliufuta kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Sheria hiyo iliweka kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na dola 100,000 kwa jumla kwa shahada za juu za kawaida, na dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla kwa shahada za kitaalamu. Kwa hiyo swali la kama shahada fulani ya saikolojia inahesabiwa kuwa ya kawaida au ya kitaalamu limekuwa swali la fedha nyingi.

Kuna njia za kupunguziwa deni baada ya kuhitimu. Sheria ya mwaka 2007 iliweka utaratibu wa kufutiwa deni lililobaki kwa mtu aliyefanya malipo 120 ya kila mwezi akiwa mwajiriwa wa muda wote wa serikali au wa shirika lisilo la kibiashara. Kikosi cha Taifa cha Huduma za Afya hulipa sehemu ya deni la wanasaikolojia wanaofanya kazi katika maeneo yenye uhaba wa huduma za afya ya akili, na Huduma ya Afya ya Wahindi wa Marekani ina mpango unaofanana na huo. Mipango hii ina masharti makali ya aina ya mkopo na aina ya mwajiri. Waliofikisha miaka mingi ya malipo wamewahi kukuta kwamba mkopo wao haukuwa wa aina inayotambuliwa.

## Tarajali na kodi

Mwanafunzi wa saikolojia ya kliniki, ya ushauri nasaha au ya shule hufanya mwaka mmoja wa tarajali kabla ya kupewa shahada. Vituo na wanafunzi huoanishwa kwa utaratibu wa kompyuta unaosimamiwa na chama kiitwacho APPIC, kilichoanzishwa mwaka 1968. Vituo vingi hulipa posho, lakini mwanafunzi hulazimika kugharamia maombi, usaili na pengine kuhamia jimbo la mbali. Gharama hizi huja mwishoni, wakati ufadhili wa chuo umekwisha au unakaribia kwisha.

Kodi huwashangaza wengi. Tangu mageuzi ya kodi ya mwaka 1986, fedha zinazolipia ada na vitabu vya lazima hazitozwi kodi, bali posho ya kula na kulala hutozwa. Baadhi ya ruzuku hulipwa bila makato, hivyo mpokeaji anapaswa kujiwekea akiba ya kodi mwenyewe.

## Wanafunzi kutoka nje ya Marekani

Mwanafunzi wa kigeni hana haki ya mikopo ya serikali kuu, wala ruzuku za NSF, F31 na T32, ambazo hutolewa kwa raia na wakazi wa kudumu. Kwake kazi ya usaidizi ndiyo tegemeo kubwa. Viza ya F-1 humruhusu kufanya kazi chuoni kwa saa zisizozidi 20 kwa juma wakati wa muhula. Kabla ya kupewa hati ya chuo ya kuombea viza, lazima aonyeshe fedha za kutosha mwaka wa kwanza. Barua ya chuo inayoahidi kazi ya usaidizi huhesabiwa kuwa sehemu ya ushahidi huo. Mwenzi wake mwenye viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi, jambo linalofanya posho moja ibebe familia nzima.

Katika saikolojia ya kliniki vikwazo ni zaidi. Hospitali za askari wastaafu, ambazo hufundisha wanasaikolojia wengi kuliko taasisi nyingine yoyote nchini humo, hudai uraia wa Marekani kwa nafasi zake za tarajali. Kwa hiyo mgeni huwa na vituo vichache vya kuomba. Fani zinazoegemea utafiti hazina kikwazo hicho. Vyuo vingi pia humpima mgeni uwezo wake wa kuzungumza Kiingereza kabla ya kumkabidhi darasa.

Kwa waombaji kutoka Afrika Mashariki, mpango wa Fulbright, ulioanzishwa mwaka 1946 kwa juhudi za seneta J. William Fulbright wa Arkansas, hufadhili masomo ya juu nchini Marekani. Wanaonufaika husafiri kwa viza ya J-1 na hutakiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuhamia Marekani. Vituo vya EducationUSA, vilivyo chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hutoa ushauri kwa waombaji. Kwa wanawake kuna ruzuku ya P.E.O. ya mwaka 1949 kwa wanafunzi wa kigeni wa shahada za juu nchini Marekani na Kanada.

Wengi hulinganisha njia hii na nyingine. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola na ule wa Chevening hulipia masomo nchini Uingereza. Chevening huhusu uzamili wa mwaka mmoja na hudai miaka miwili ya uzoefu wa kazi. Shirika la Ujerumani la DAAD, lililoanzishwa mwaka 1925, hufadhili masomo nchini Ujerumani na pia katika vyuo vya Afrika. Uzamili wa saikolojia ya kliniki hufundishwa vilevile katika eneo lenyewe, kwa mfano Muhimbili, Nairobi na Makerere, kwa gharama ndogo na kwa mafunzo ya vitendo yanayofanyika kwa lugha za wagonjwa wenyewe.

## Utaratibu wa kuomba

Maombi ya uzamivu hufungwa kwa kawaida mwezi wa Desemba, usaili hufanyika kati ya Januari na Machi, na masomo huanza Agosti au Septemba. Ruzuku ya NSF hufungwa mapema zaidi, katika Oktoba au Novemba. Kwa hiyo anayetaka kuanza masomo hujitayarisha zaidi ya mwaka mmoja kabla: huchagua maprofesa ambao utafiti wao unalingana na wake, huwaandikia kuuliza kama watapokea mwanafunzi mwaka huo, na huwaomba mapema walimu wake barua za mapendekezo. Katika programu nyingi za PhD kumpata profesa ndiko kupata ufadhili, kwa kuwa idara humpokea mwanafunzi pale tu anapokuwa na msimamizi na fedha za kumlipa. Ada za maombi huweza kusamehewa kwa wenye kipato kidogo, lakini msamaha huo huombwa kabla ya kutuma maombi.

Programu zote zilizoidhinishwa na APA hulazimika kutangaza hadharani gharama zake, muda ambao wanafunzi huchukua kumaliza, idadi ya wanaoacha, wanaopata tarajali na wanaopata leseni. Takwimu hizi humwezesha mwombaji kulinganisha programu kwa jumla ya gharama hadi kuhitimu. Programu yenye ada ndogo lakini ambayo wanafunzi wake huchukua miaka minane inaweza kuwa ghali kuliko ile ya miaka mitano.

Vyuo vingi vimekubali azimio la Baraza la Vyuo vya Uzamili la Marekani kwamba mwombaji aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Muda huo humwezesha kusubiri majibu mengine na kuuliza maswali. Mambo ambayo barua ya ahadi inapaswa kuyaeleza ni haya:

* idadi ya miaka ambayo ufadhili umehakikishwa, na masharti ya kuuendeleza;
* kama ada imesamehewa yote au sehemu, na kiasi cha michango mingine isiyosamehewa;
* kama posho hulipwa kwa miezi tisa au kumi na miwili;
* bima ya afya, na gharama ya kuwaongeza mwenzi na watoto;
* saa za kazi kwa juma, na ruhusa ya kufanya kazi nyingine;
* hatua zitakazochukuliwa msimamizi akihama au ruzuku yake ikiisha.

Kipengele cha miezi husahaulika mara nyingi. Posho ya miezi tisa humwacha mwanafunzi bila kipato kipindi chote cha kiangazi, na mgeni mwenye viza ya F-1 hawezi kutafuta kibarua nje ya chuo bila kibali. Waombaji hushauriwa pia kujihadhari na matapeli wanaodai malipo ili kumtafutia mtu ufadhili. Programu za kweli zilizotajwa hapo juu hutangazwa bure, na wanaotoa ruzuku hawadai kulipwa ili kuitoa.

## Mijadala

Wakosoaji wa mfumo huu husema kwamba unapanga nani atakuwa mwanasaikolojia kwa kipimo cha fedha. Nafasi za PhD zenye ufadhili ni chache na hushindaniwa na watu waliokwisha kufanya kazi ya utafiti, mara nyingi bila malipo, kwa miaka mmoja au miwili. Asiyeweza kufanya kazi bila malipo hukosa uzoefu huo, na mlango unaobaki kwake ni shahada za kulipia kwa mkopo. Mhitimu mwenye deni kubwa naye huelekea kwenye kliniki za kulipwa vizuri mijini, wakati uhaba mkubwa wa huduma uko vijijini na katika jamii maskini.

Wengine hujibu kwamba bila programu za kulipia idadi ya wanasaikolojia ingekuwa ndogo zaidi, na kwamba vikomo vya mikopo vya mwaka 2026 vinaweza kuwazuia wasio na mali badala ya kushusha ada. Mfano unaotajwa katika mjadala huu ni Uingereza, ambako wanafunzi wengi wa uzamivu wa saikolojia ya kliniki huajiriwa na huduma ya taifa ya afya na kulipwa mshahara wakiwa masomoni. Utaratibu huo huondoa deni, lakini nafasi zake hupangwa na bajeti ya serikali, na waombaji ni wengi mara kadhaa kuliko nafasi zilizopo.